Wanataka barua kutoka Khartoum! Mnampima daktari au mnapima posta?

Assalaam alaykum wanajamvi. Naandika kutoka Amu, yaani mji wa Lamu hapa Kenya, na naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka uzi wa upole apite tu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, kasomea udaktari Khartoum. Kamaliza miaka yake yote, kafanya mtihani wa mwisho, kafaulu, kapewa cheti. Alibaki kule kidogo akisubiri nafasi ya mafunzo ya hospitalini. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaripuka Sudan kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF, na mengine mliyaona kwenye televisheni. Alitoka kwa basi hadi Port Sudan, akavuka kwa meli hadi Jeddah, akafika nyumbani na begi la mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na nguo mbili tatu, cheti, na karatasi ya alama zake iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri na doa la maji pembeni.

Tangu hapo yuko nyumbani Langoni. Mtihani wa kupata ruhusa ya kutibu hapa kwetu hajaufeli. Hajaruhusiwa kuufanya! Msome vizuri hapo, kwa sababu kila nikieleza mtu ananijibu "aah, ajitahidi, atapita." Apite wapi na mlango umefungwa?

Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda: aliyesomea udaktari nje hapewi leseni kwa kuonyesha cheti tu, na hilo ni sawa kabisa. Wanaangalia chuo chenyewe kwanza, kama kinatambuliwa kwao na kimo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari. Shahada ikahakikiwa. Halafu ndiyo mtihani, wa kuandika na wa vitendo. Akipita anatumikia uanagenzi mwaka mzima chini ya wakubwa wake: wodi ya watu wazima, upasuaji, watoto, uzazi. Baada ya hapo ndipo anasajiliwa. Sina ugomvi na hata moja katika hayo.

Ugomvi wangu uko kwenye uhakiki. Cheti ulichoshika mkononi hakihesabiki. Ofisi inakiandikia chuo moja kwa moja, na chuo kijibu chenyewe kwamba ndiyo, huyu ni wetu, tulimfundisha, alama zake ni hizi. Utaratibu huu haukuzaliwa Kenya. Marekani wana taasisi iitwayo ECFMG inayofanya kazi hiyo, na GMC, baraza la madaktari la Uingereza, nalo huwataka waombaji vyeti vyao vihakikiwe kwa mfumo wa hao hao ECFMG. Umewekwa kwa sababu ya wahuni wa vyeti vya kughushi, ambao hata hapa kwetu tumewaona wakifungua zahanati na kudunga watu sindano. Sawa. Mama yangu akilazwa kesho, mimi wa kwanza kuuliza nani huyu anayemshika.

Lakini utaratibu wote umejengwa kwa kuamini kwamba upande wa pili yupo karani, ana umeme, ana faili, na ana roho ya kujibu. Khartoum ilipigwa mabomu. Ofisi za vyuo ziliporwa. Jeshi lilikuja kuurudisha mji mikononi mwake Machi 2025, na mpaka hapo walimu walishatawanyika Cairo, Jeddah na kwengineko. Barua pepe zinatumwa kule na kurudi vile vile zilivyo. Anwani haipo.

Nilikwenda mwenyewe na mpwa wangu kwenye dirisha. Ofisi siitaji. Maombi ya aliyesoma nje yanapita madirisha kadhaa kabla hajakanyaga chumba cha mtihani, na lililotukwamisha linajijua. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mzee, mwambie binti awaambie chuo watutumie barua pepe kutoka anwani yao rasmi."

"Dada, chuo kimefungwa na vita."

"Basi tutasubiri wafungue."

"Na wasipofungua?"

Akageukia kompyuta, akabofyabofya, akatuonyesha ukurasa wa maombi. Kuna mstari wa manjano umeandikwa kwamba wanasubiri jibu la chuo. Akasema, "Mfumo hauna sehemu ya hiyo."

Mfumo hauna sehemu ya hiyo!! Mtoto kapita kwenye risasi, halafu anaambiwa kwamba kwenye kompyuta hakuna kitufe cha vita.

Dada mwenyewe sikumlaumu, naye kaajiriwa. Namlaumu aliyekaa juu yake, aliyeona vita hivi kwenye taarifa ya habari kama sisi, akijua fika kwamba vijana wetu wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki wamejaa kule, na hakutoa hata waraka wa ukurasa mmoja wa kuwaelekeza makarani wake. Na kwa nini wamejaa kule? Mtoto wa Lamu aliyelelewa kwenye chuo cha Kurani na madrasa, Kiarabu si kigeni kwake. Ufadhili wa masomo ulikuwepo, na gharama ilibebeka. Halafu msidhani Khartoum ni mahali pa kuokota vyeti. Shule ya udaktari ya Khartoum ilifunguliwa mwaka 1924. Ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza 1967. Hesabuni wenyewe.

Sasa hebu niulize: karatasi hii inatafutiwa nini? Wajue kama kweli alisoma. Na mtihani unatafutiwa nini? Wajue kama kweli anajua. Mwenye cheti cha kughushi huyo mtihani si ndio utakaomuumbua?

Tazameni wenzetu wanavyopima. Uingereza mtihani wao wa PLAB una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu. Ya pili unaifanyia Manchester: vituo 16, kila kituo dakika nane, unaingia unamkuta muigizaji anayejifanya mgonjwa, mara mama aliyepoteza mimba, mara mzee anayekataa dawa, na mtahini kakaa pembeni anaandika kila unachosema na kila unachogusa. Hapo utadanganya nini? India tangu 2002 wana mtihani wa wenyeji waliosoma nje, maswali 300, lazima upate 150, na wanaanguka kwa wingi. Waanguke! Asiyejua arudi akasome. Sisi tunaomba kipimo, kiwe kikali wanavyotaka, wamuulize mara mbili ya wengine kama wana shaka naye. Anachonyimwa ni kiti cha kukalia ajibu.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya yote. Usiku watu wanapiga hodi. Mtaa mzima unajua kwamba pale pana daktari. "Mwana ana homa, mato yamepinduka, mwiteni daktari." Anatoka na buibui lake, anasimama mlangoni, anawaambia mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje asubuhi. Hamgusi, kwa sababu kutibu bila kusajiliwa ni kosa la jinai na yeye hataki kuwapa sababu. Watu wanaondoka wakinung'unika kwamba kasoma mpaka kavimba kichwa. Akishafunga mlango hasemi na mtu.

Mchana anafundisha tuisheni ya bailojia kwa watoto wa sekondari. Akichinjwa kuku nyumbani, ngozi anaiomba yeye. Anaiweka kwenye sinia, anatoa sindano na uzi wake, anaichana kwa wembe na kuishona, fundo baada ya fundo, anafumua, anaanza tena. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mjomba, mkono unasahau." Dada yangu anamuangalia tu. Kila mwisho wa wiki swali lake ni lile lile: "Hata yeo hawakujibu?"

Na huku Lamu tunalia hatuna madaktari. Mtu wa Kizingitini au Kiunga akizidiwa anapandishwa boti. Akifika Amu na kesi ikiwa nzito, anavushwa tena bahari mpaka Mokowe, ndipo apate ambulensi ya kwenda Malindi au Mombasa, na Mto Tana ukifurika pale Gamba hata barabara hiyo inakatika. Madaktari wa bara wakipangiwa huku wengi wanahesabu siku za kuhama, na siwalaumu sana, barabara hii tunaijua. Huyu ni mtoto wa hapa. Haendi popote. Anajua kumuuliza mama wa Siyu maumivu yake yako wapi bila mkalimani.

Juni 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba kwa mpigo, na mwaka huo huo wakawa wodini kwenye kaunti. Karibu sana walikuwa, na mpango wenyewe ukafungwa 2023. Lakini tulijifunza kitu: wakubwa wakitaka, makaratasi ya mtu aliyesoma ng'ambo yanakwenda mbio. Kumbe miguu wanayo.

Na msiniambie kwamba hakuna njia duniani. Nchi za Ulaya zilikubaliana Lisbon mwaka 1997 kwamba aliyekimbia nchi yake apimwe kwa haki na kwa haraka hata kama hana karatasi za kuthibitisha alichosoma. Mkataba wa dunia nzima wa UNESCO wa kutambua shahada, ambao nao unawataja wakimbizi na waliohamishwa, ulianza kufanya kazi tarehe 5 Machi 2023, wiki sita hivi kabla Khartoum haijaanza kuwaka. Rwanda, hawa majirani zetu wenye nchi ndogo, mwaka huo huo wa 2023 Chuo Kikuu chao kiliwapokea wanafunzi wa udaktari wa chuo kimoja cha Khartoum wakaendelea kusoma. Kwa hiyo wamejua vipi kwamba wale walikuwa wanafunzi kweli? Walikaa nao, wakawauliza, wakaamua.

Nini kifanyike? Mimi si mwanasheria, lakini akili ya kawaida inatosha. Madaktari waliosoma vyuo hivyo hivyo kabla ya vita wapo humu nchini, wamesajiliwa zamani, wanafanya kazi. Waitwe waape mbele ya wakili kwamba huyu tulikuwa naye, tulimwacha mwaka wa pili, mwalimu wetu wa upasuaji alikuwa fulani. Walimu waliokimbilia Cairo bado wana simu. Wamuweke mtoto mbele ya jopo wamsaili siku nzima. Akiwaridhisha, wampe kiti cha mtihani kwa masharti: usajili kamili ungoje mpaka karatasi ipatikane, lakini mtihani na uanagenzi asifungiwe, maana kote huko anasimamiwa na hakuna mgonjwa atakayeachwa naye peke yake.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Aliyesema "mpwa wako si mkimbizi, ni Mkenya aliye kwao," ahsante, umenisaidia. Kwa maana hiyo Msudani aliyekimbilia Ulaya ana mkataba wa kumtetea, na Mkenya aliyekuwa darasa moja naye, akakimbia mabomu yale yale, akirudi kwao hana lolote? Hilo ndilo ninalopigia kelele.

Aliyesema angesoma hapa hapa: nafasi za udaktari vyuo vya serikali unazijua idadi yake? Na za kulipia unaijua ada yake? Uza nyumba kwanza halafu tuzungumze.

Anayeniambia nimtafute mtu wa "kuharakisha", huyo simjibu hadharani. Mtoto hakupita Port Sudan aje aanze udaktari wake kwa bahasha.

Na yule aliyeuliza kwa nini asiende Uingereza akafanye hiyo PLAB nikaacha kelele: kule nako wanataka uhakiki ule ule wa chuo, juu yake mtihani wa Kiingereza wa IELTS alama 7.5, nauli na malazi ya Manchester. Halafu mnalalamika madaktari wanatukimbia.

Sasa nina ombi kwa yeyote mliosoma udaktari Khartoum, mkahitimu kabla ya 2023, na mmeshasajiliwa hapa Kenya, mkiwa Lamu, Malindi, Garissa, popote. Njooni kwenye ujumbe wa faragha. Tunakusanya viapo vyenu, na tayari kuna wakili Malindi aliyekubali kuvitayarisha bila malipo. Wazazi wengine wenye watoto waliokwama hivi hivi pia jitokezeni, twende pamoja, safari hii tuingie wengi na twende ghorofa ya juu. Dirishani hatusimami tena.