Shokapu ya nyuma inagusa kava la cheni baada ya kubadilisha tairi na shokapu

Mpanda_Milima
Habari zenu wadau. Ninayo Boxer BM 150 niliyoibadilisha kwa ajili ya barabara za vumbi: tairi ya nyuma ya 3.00-17 nimeiondoa nikaweka 3.50-17 yenye meno makubwa, na shokapu nimeweka za aina nyingine, ndefu kuliko za awali na zenye springi nene. Nikiwa peke yangu haina shida. Nikipakia abiria na gunia, kwenye kila shimo springi ya kushoto inakwaruza kava la cheni, na chini ya madigadi tairi imeacha alama inayong'aa. Fundi ananishauri tuipashe moto pini ya juu inayoshika shokapu, tuipinde kwa nje. Naombeni maoni yenu kabla sijakubali.

FundiSpana
Usikubali, ndugu. Chuma kikipashwa hadi kuwa chekundu hupungua uimara, na pini iliyopinda hulazimisha bushi (kipande cha mpira kwenye tundu la shokapu) kufanya kazi kwa mshazari, hivyo mpira wake huliwa upande mmoja.

Unayo matatizo mawili, usiyachanganye. Namba 3.00 na 3.50 ni inchi za upana, na kwa tairi za namna hiyo kimo hukaribiana na upana. Kwa hiyo umeongeza takriban milimita 6 kila ubavu na milimita 13 kuelekea kwenye madigadi. Urefu wa shokapu ukiwa umenyooka haukusaidii hapo, kwa sababu kinachoamua ni urefu wake ikiwa imebonyea mpaka mwisho, na shokapu ndefu yenye mwendo mrefu inaweza kubonyea kupita ile ya awali.

Pima hivi: simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, fungua shokapu zote mbili, toa springi ya moja kwa kifaa cha kubania (usiifungue kwa mikono mitupu, inaruka), kisha irudishe shokapu hiyo bila springi. Bandika kinyunya cha unga wa ngano kwenye kava na chini ya madigadi, uinue gurudumu kwa jeki hadi shokapu ifike kikomo. Unene wa unga uliobaki ndio nafasi uliyo nayo. Springi uliyoitoa ishikilie kwa mkono mahali pake uone inakopita. Mimi sikubali chini ya milimita 10 kwa tairi, maana matope nayo yanahitaji pa kupita.

Gereji_ya_Njiapanda
Naunga mkono, ila kwa upande wa springi washa zinatosha. Weka washa zenye unene uleule kwenye vishikizo vya shokapu vya juu na chini, ili shokapu isogee nje bila kuinama, na uhakikishe nati bado inashika nyuzi zake zote. Milimita 3 au 4 ni sawa. Zaidi ya hapo mzigo unakuwa mbali mno na fremu. Wapo wanaoigeuza shokapu juu chini ili sehemu nene ikwepe kava. Kwa shokapu ya kawaida ya mafuta hilo halifai, kwani hewa huingia kwenye vali na shokapu hubaki kudundadunda tu. Angalia pia ulegevu wa cheni, kwa sababu swingamu (mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma) sasa imekaa chini zaidi.

Mpanda_Milima
Nashukuru sana. Nimepima: kwenye madigadi unga umekandamizwa wote, na springi inagusa kava kidogo tu. Je, nikikaza springi hadi ngazi ya mwisho, siwezi kubaki na tairi hii?

FundiSpana
Kukaza springi kunainua pikipiki na kuchelewesha kubonyea, lakini kikomo kinabaki palepale. Siku utakapobeba gunia na kukutana na shimo refu, tairi itafika tu. Rudisha 3.00-17, hata yenye meno zipo, kisha weka washa za milimita 3 na upime tena kwa unga.