Ati watu wa Mombasa TUNAMCHAFULIA SHUKA! Mwenye vijumba vya Tiwi, leo sinyamazi

Bint_Kuze:
Nimeingia nyumbani sasa hivi, buibui sijavua, mchanga bado uko miguuni. Mikono inanitetemeka. Huyu mtu nyote mnamjua, jina simtaji wala sina haja. Yule wa kikoi na miwani ya jua hadi magharibi, mwenye vijumba vya makuti upande wa Tiwi. Anajibu meseji usiku wa manane akitaka arbuni, na ukishatuma, simu yake inakufa na kuzikwa.

Mamangu ana miaka 68. Kazaliwa Kuze, kalea watoto saba na wajukuu juu yake, na hajawahi kulala nyumba ya kukodi ufuoni hata siku moja. Nikasema mwaka huu namtoa. Siku mbili tu, mahali pa kimya, bei isiyovunja mgongo. Ufuo wa Pirates sikutaka, wikendi pale hata pa kutandika leso hupati, ngamia anakukanyaga. Nikachagua Tiwi kwa sababu watu ni wachache, na maji yakipwa pana vidimbwi baina ya miamba, mama atakaa atie miguu bila kupigwa na wimbi. Shilingi 4,500 kwa usiku. Akaniapia: dakika mbili hadi baharini, feni, neti, maji matamu. Nikatuma nusu.

Tukavuka feri, tukapanda matatu ya Ukunda, tukashuka njia panda ya Tiwi. Kutoka lami hadi ufuoni ni kilomita 3 hivi na magoti ya mama si ya kutembea, tukachukua tuktuk. Safari nzima mama amekumbatia hotipoti ya pilau mapajani, hataki nimpokee.

Tukafika. Akatutazama. Akaitazama hotipoti. Akalitazama buibui la mama kuanzia utosini mpaka kwenye ndara. Kisha akasema, mbele ya mamangu, mbele ya dereva wa tuktuk, mbele ya wageni wawili waliokuwa wakinywa chai barazani: "Nyinyi si watu wa hapa hapa Mombasa? Bahari si mnayo kwenu? Mnakuja kunichafulia shuka kwa nini?"

Kunichafulia shuka.

Na mnajua mamangu alijibu nini? "Tuwie radhi, baba." ALIMWOMBA RADHI! Mwanamke anayeweza kumzaa yeye na kakake anaomba radhi kwa uchafu ambao hata haujatokea.

Nyumba yenyewe dakika mbili labda kwa ndege. Neti ina matundu, mbu wanapita wakiwa wamebeba mizigo. Maji ya mfereji ni chumvi, chai tumekunywa kama supu. Feni ikizunguka mara moja inapumzika hadi swala inayofuata. Hayo yote ningevumilia, wallahi. Lakini shuka! Shuka zake zina doa la chai kubwa kama sinia ya harusi. Hizo ndizo tunamchafulia?

Usiku mama katandika leso yake juu ya zile shuka, kalala upande mmoja kama maiti, hageuki. Kabla ya alfajiri nimemkuta kainama anapangusa sakafu kwa kitambaa cha hotipoti. Nikamwambia, mama, tumelipa. Akaniambia, "Tusije tukasemwa."

Hatukungoja siku ya pili. Hata kwenye vidimbwi hakukanyaga. Nataka anirudishie pesa zangu, na ampigie mamangu simu amtake radhi yeye.

Mla_Pweza:
Namjua huyo! Mimi alinitoza shilingi 200 za maji ya kuoshea miguu. Nilimwambia mchanga ni wako, nakurudishia.

Kaka_Tudor:
Dadangu, mpe mama pole nyingi. Lakini umetoka kisiwani mpaka Tiwi na hotipoti ya pilau? Kule ufuoni wavuvi wanapita na changu asubuhi hata hajafa. Mimi pia ningekutazama.

Bint_Kuze:
Pilau si hoja. Shuka ndiyo hoja. Alimwambia MAMANGU.

Kaka_Tudor:
Ilikuwa ya nyama au ya kuku?

Mtu_wa_Bara:
Nyinyi mnalia mmeulizwa kama ni watu wa Mombasa. Sisi wa bara je? Nikifungua mdomo tu bei inapanda. Niliambiwa elfu tatu kwa simu, nikafika nikasema "asante sana" kwa lafudhi yangu, ikawa elfu tano. Na tangu 2017 treni inatushusha Miritini, ukimaliza teksi ya mjini, ungoje feri, ukamate tena matatu, umechoka kabla hujaliona wimbi.

Bwana_Kupwa:
Wewe una gari unalia nini? Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini na kukutokeza kusini, feri huioni hata kwa mbali.

Mtu_wa_Bara:
Nani amesema nina gari?

Shangazi_Shanzu:
Bint Kuze, roho imeniuma hapo pa kupangusa sakafu. Huyo mtu hana mama. Ila na nyinyi mnakodi kwa picha! Kabla ya arbuni mwambie apige simu ya video, afungue mfereji, achote, ANYWE. Maji ya kisima huku pwani mengi yana chumvi, akikunja uso umeshajua. Na umwambie atembee na simu mpaka baharini wewe unahesabu dakika. Mimi hivyo ndivyo nilivyopata chumba Kikambala, kimya hadi unasikia nazi ikianguka.

Mla_Pweza:
Kimya cha Kikambala sawa, usikosee ukashuka Mtwapa. Mtwapa nililala kwenye "chumba tulivu" ukuta mmoja na klabu. Kitanda kilikuwa kinacheza peke yake.

Bint_Kuze:
Shangazi ahsante. "Tuwie radhi, baba." Naisikia mpaka sasa.

Bwana_Kupwa:
Pia angalieni majira. Kusi likivuma mwani unajaa ufuoni, mtu anakuja na picha za kaskazi anaanza kugombana na mwenye nyumba kama kwamba yeye ndiye aliyeumwaga. Bei ya chini iko Mei na Juni, lakini mvua nayo iko. Na mnaotaka kutoka Tiwi kwenda Diani kwa miguu kupitia mdomo wa Mwachema pale Msikiti wa Kongo, vukeni maji yamekupwa na mrudi mapema. Kuna jamaa alienda kununua soda ikabidi alale huko.

Jirani_wa_Galu:
Mwani si kitu, mwani hauna mikono. Mimi Diani nilikodi nyumba ya bei nafuu, kimya, mwenyewe mstaarabu. Nimegeuka kuchukua birika, tumbili kaingia dirishani kabeba mkate mzima. MZIMA. Nikamwambia mwenye nyumba, akanijibu, "Hukuambiwa ufunge dirisha?" Na feni haifanyi kazi! Nifunge dirisha nife?

Shangazi_Shanzu:
Hao wa Diani wanaoingia majikoni ni kima, si tumbili.

Jirani_wa_Galu:
Tumbili.

Mla_Pweza:
Alikuwa na koo jeupe? Koo jeupe ni kima. Na wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani ni mbega, waliofungiwa ngazi za kamba juu ya barabara wasikanyagwe na magari. Hao wanakula majani, mkate hawana haja nao.

Bint_Kuze:
Jamani. Mamangu. Shuka.

Kaka_Tudor:
Tuko pamoja, dadangu. Nimekuuliza pilau ilikuwa ya nini, hujanijibu.

Bint_Kuze:
Ya nyama. Hakuila. Imerudi nzima.

Jirani_wa_Galu:
Pole sana, mpe mama salamu zangu. Ila yule alikuwa tumbili, uso mweusi tii. Alikaa juu ya ukuta akanitazama machoni huku anamega.

Mtu_wa_Bara:
Na siagi alichukua?