Modus vivendi kwenye muhtasari wa kikao: tusaini au tusisaini?

Katibu_Igurusi:
Wakuu, habari za jioni. Huku Igurusi, Mbarali, sisi wa mfereji wa juu na wenzetu wa chini tunagombea maji ya mpunga, na shauri bado halijaamuliwa. Juzi tumekaa, tukaelewana: lango la banio mchana letu, usiku lao, mpaka mavuno. Kijana anayesoma sheria akaandika kwenye muhtasari kwamba hii ni "modus vivendi". Wazee wamegoma kusaini, wanasema tusije tukauza maji kwa Kilatini. Hebu nisaidieni, hilo neno linatufunga vipi?

Wakili_wa_Kijiweni:
Mkuu, wazee watulie. Maana yake "namna ya kuishi". Ni makubaliano ya muda ya watu ambao ugomvi wao haujaisha. Zamu mtaiheshimu, lakini hakuna aliyekiri kwamba maji ni ya mwenzake. Hata mataifa huitumia. Novemba 1941 Marekani iliandaa rasimu ya modus vivendi ya miezi mitatu na Japani ili mazungumzo yaendelee, ikaishia mezani. Tarehe 7 Desemba Japani ikapiga Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani. Ila huyo kijana wako ameandika jina akasahau kinga. Ongeza: "bila kuathiri haki ya upande wowote katika shauri lililopo", na tarehe ya mwisho. "Mpaka mavuno" haitoshi, kuna jaruba huchelewa.

Mnyakyusa_wa_Matema:
Hapo kwenye haki ndipo penyewe. Kule Ziwa Nyasa, Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, kwamba mpaka ni ufukweni kwetu. Sisi Watanzania tunasema katikati ya maji. Mwaka 2012 utafutaji wa mafuta ulipoleta joto, hadi Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, akaingia kusuluhisha. Mbona dagaa tunavua? Kuvua hakujamaliza kesi.

Mama_Uyole:
Andikeni "makubaliano ya muda", basi! Kilatini cha nini kwenye mpunga? Na msije mkaandika "ad hoc", hiyo ni ya kamati inayoundwa kwa jambo moja.

Katibu_Igurusi:
Asanteni sana. Kilatini nimekifuta, kinga nimeiweka, mwisho 30 Juni. Wazee wamesaini. Sasa wenzetu wa chini wanasema usiku unaanza saa kumi na moja jioni.