Komiki za mapenzi ya vampaya kwa binti wa sekondari: Vampire Knight, Twilight au nyingine?

Mama Tausi
Habari zenu wakuu. Ndugu yangu yuko Uingereza anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, kasema ana nafasi kidogo kwenye begi nimwambie nataka nini. Sasa binti yangu kashikwa na hizi komiki za mapenzi ya vampaya, wale wanyonya damu, usiku vampaya mchana vampaya, anaazima kwa wenzake kurasa zimeshachanika. Nataka nimchukulie seti moja ya maana iwe yake. Nimeona Vampire Knight na ile Twilight ya kuchorwa. Ipi nzuri? Naomba majibu ya haraka, ndugu anaagiza wiki hii.

Kipanga wa Temeke
Nzuri kwa nani mama? Binti ana miaka mingapi? Wa kumi na moja na wa kumi na saba huwezi kuwapa kitabu kimoja. Kiingereza chake kikoje? Bajeti? Na hiyo nafasi kidogo ni kilo ngapi, maana Vampire Knight ni vitabu 19.

Bint Mrima
Vampire Knight!!! Mama Tausi usihangaike, chukua hiyo. Matsuri Hino anachora macho mpaka unahisi mtu anakutazama wewe. Hadithi iko hivi, kuna shule ya bweni inaitwa Cross Academy, darasa la mchana wanasoma binadamu wa kawaida, darasa la usiku wote ni vampaya wazuri kupindukia na wa mchana hawajui, wanawapigia kelele getini jioni tu. Yuki ndiye mlinzi wa siri anayewatenganisha, yuko na Zero ambaye anawachukia vampaya kutoka moyoni, halafu upande wa pili kuna Kaname aliyemuokoa Yuki alipokuwa mdogo kwenye theluji. Ukurasa ule Zero anapomng'ata Yuki shingoni mara ya kwanza sitausahau, yaani jamaa anateseka kuliko hata anayeng'atwa. Mimi ni timu Zero na sibadiliki.

Mchora Katuni
Bint Mrima umesema kweli kuhusu macho ila mwambie na upande wa pili. Kuanzia katikati kule mpangilio wa kurasa unakuwa mgumu, nywele, maua ya waridi na makoti vinajaa ukurasa mzima hujui nani anaongea. Kwa msomaji mgeni Twilight iliyochorwa na Young Kim ni rahisi zaidi. Ni vitabu viwili tu, cha kwanza kilitoka 2010 cha pili 2011, inasomwa kushoto kwenda kulia kama kitabu chochote, sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe halafu rangi inaingia pale penye jambo. Mandhari ya msituni kazifanya vizuri mno yule dada. Kasoro yake ni maandishi kwenye vile viputo vya maneno, yamebandikwa tu, mengine yamefunika mchoro, na mimi kama mchoraji hilo linaniuma.

Bint Mrima
Twilight kila mtu kashaona filamu, ataipata wapi hamu?

Mchora Katuni
Kuona filamu siyo kusoma komiki. Uso wa Bella, yule msichana wa Twilight, kwenye komiki unakuonyesha anachowaza, filamu ilishindwa hapo.

Mwalimu Pwani
Nyote mnakimbilia uzuri wa michoro, mtoto mmemsahau. Mimi nafundisha sekondari, nazikuta hizi chini ya madawati. Mama Tausi, geuza Vampire Knight nyuma kwenye jalada utaona T+, maana yake mchapishaji mwenyewe anasema ni ya vijana wakubwa. Na siyo damu tu. Mle ndani kuna ukoo wa vampaya wa damu safi ambao kaka na dada wanaoana, wazazi waliomlea Kaname walikuwa ndugu wa tumbo moja, na jambo hilo linaendelea kugusa mapenzi ya wahusika wakuu. Sisemi usinunue, nasema ukae na binti muongee, asije akasoma peke yake akaona ni kawaida.

Bint Mrima
Mwalimu umemwaga spoila yote, siri za hadithi nzima, hapo jamani, mama wa watu hata hajanunua!

Mwalimu Pwani
Mzazi ana haki ya kujua anachomnunulia mwanawe. Hapo sirudi nyuma.

Mama Tausi
Asanteni, nilikuwa kazini. Binti ana miaka 14, yuko kidato cha pili, Kiingereza anasoma vizuri tu. Bajeti nilikuwa nimetenga kama laki mbili. Mwalimu umenishtua na hayo ya kaka na dada, baba yake akiyaona itakuwa kesi. Kuna nyingine isiyo na mambo hayo?

Manyasi254
Sasa hivi ndio umesema miaka, ungeanza na hapo. Mimi niko Nakuru na nitakupa ya bure kabisa, Orange Marmalade kwenye app ya Webtoon. Ni ya Kikorea, rangi tupu, unateremsha tu kwa kidole. Msichana anaitwa Mari ni vampaya anayejificha shuleni, watu wanawachukia vampaya hata kama hawang'ati mtu siku hizi, kwa hivyo anaogopa kuwa na marafiki, anakaa peke yake kila mahali. Siku moja kwenye treni analala na kichwa kinaangukia bega la kijana wa darasa lake, harufu ya damu yake tamu inamzidi nguvu. Basi hapo ndipo mambo yanaanza. Hakuna uchafu, ni mapenzi ya shule na uchungu wa kubaguliwa. Sis wangu mdogo alilia. Mpaka KBS, televisheni ya Korea, wakaifanya drama 2015.

Kipanga wa Temeke
Bure siyo bure, bando nani analipa? Na mama anataka kitu cha kushika mkononi.

Bint Mrima
Halafu hao vampaya wa Orange Marmalade si ndio wanaokunywa damu ya nguruwe? Kwetu huku mtoto akisema anapenda komiki ya watu wanaokunywa damu ya nguruwe bibi yake anamwagia maji ya dua.

Manyasi254
Damu ya nguruwe hapana lakini ya binadamu sawa? 😂 Mari mwenyewe hafurahii kuinywa, soma kwanza.

Nuru Makumbusho
Mama Tausi nisikilize mimi kabla hujatuma hela popote. Kuna moja nzuri sana kwa umri wa binti yako, inaitwa Chibi Vampire, ya Yuna Kagesaki, vitabu 14. Karin ni vampaya wa kinyume, wenzake wananyonya damu yeye inamzidi mwilini, asipoitoa inamtoka puani kwa kasi, na kila akiwa karibu na kijana mmoja maskini anayeitwa Usui ndiyo inachemka zaidi. Inachekesha na ina huruma, familia yao unaipenda. Shida Tokyopop waliokuwa wanaichapisha kwa Kiingereza walifunga shughuli zao Marekani 2011, kwa hiyo zinazozunguka ni za mitumba na bei anapanga mwenye nazo. Mimi nikamtafutia mdogo wangu seti nzima, nikampata muuzaji mmoja mtandaoni, picha zake safi, majalada yanang'aa, akasema ni orijino zimetoka kwa mtu aliyehama. Nikatuma pesa kwa simu. Ukapita muda, mara mzigo uko bandarini, mara dereva anaumwa, mwisho ukaja kwa bodaboda umefungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Kufungua, ni fotokopi! Jalada limeprintiwa rangi lakini ndani karatasi nyeupe za ofisini, weusi wote umegeuka kijivu, nyuso hazionekani. Na kibaya zaidi, komiki za Kijapani zinafunguliwa kutoka kulia, mgongo wa kitabu uko upande wa kulia, yeye kazifunga zote kushoto kama daftari la shule. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa kwanza unakutana na mwisho wa hadithi. Mdogo wangu alikaa sakafuni anatoa pini moja moja azipange upya, akagundua kitabu cha sita kimerudiwa mara mbili na cha saba hakipo. Nampigia muuzaji, namba haipatikani. Hela ile nilikuwa nimeitafuta kwa kusuka nywele za watu wikiendi, sikurudishiwa hata senti. Kwa hiyo mwambie ndugu aingie dukani kwa miguu yake, ashike kitabu, akifungue.

Kipanga wa Temeke
Pole sana Nuru. Hao watu wanatakiwa watajwe polisi.

Nuru Makumbusho
Nilienda, nikaandikisha, mpaka leo kimya.

Msafiri Leeds
Niko huku huku Uingereza. Vampire Knight ipo kwa maboksi mawili, la kwanza kitabu cha 1 mpaka 10, la pili 11 mpaka 19. Hizo siyo nafasi kidogo, boksi moja tu linakula nusu ya begi la mkononi. Kama tatizo ni uzito na mambo ya ukoo, mimi ningechukua Millennium Snow ya Bisco Hatori, vitabu vinne tu na hadithi inaisha. Chiyuki ana ugonjwa wa moyo, kila mwaka anaambiwa hatauona mwingine, anakutana na Toya, vampaya anayechukia damu. Vampaya wao wanaishi miaka elfu moja na wanaweza kuchagua binadamu mmoja wa kuishi naye miaka yote hiyo. Toya hataki kumng'ata mtu, Chiyuki anatamani kuishi, unaona hapo.

Mchora Katuni
Ila vitabu viwili vya kwanza na viwili vya mwisho ni kama mikono miwili tofauti, aliiacha akaenda kuchora komiki yake nyingine, Ouran High School Host Club, akarudi baada ya miaka mingi. Mimi napenda kuona hivyo, unaona mchoraji alivyokua.

Babu Kisauni
Wanangu nawasoma tangu juzi. Tulipokuwa wadogo hapa Mombasa tukitishwa na mumiani, jioni ukichelewa sokoni unaambiwa utanyonywa damu ikauzwe dawa. Nairobi na Uganda waliwaogopa wazimamoto, nao wakisemwa wananyonya damu, gari jekundu likipita watu wanaingia ndani. Yupo mwanahistoria, Luise White, kaandika kitabu kizima juu ya uvumi ule, kimetoka 2000. Kwa nini watoto wasome vampaya wa Japani tu, wakati wetu tunao?

Mchora Katuni
Babu hilo ndilo nimelisema miaka yote! Shujaaz wa Kenya walipoanza 2010 walitoa komiki ya Sheng bure ndani ya gazeti na vijana wakaisoma nchi nzima. Wasomaji wapo. Mtu akichora mumiani wa Mombasa ya zamani, vichochoro vya Mji wa Kale, taa ya kandili, msichana wa buibui, mimi nanunua nakala kumi.

Mwalimu Pwani
Lakini mumiani hana mapenzi. Ule ulikuwa woga wa watu waliotawaliwa, waliona miili yao inachukuliwa. Ukimfanya mumiani kijana mzuri wa kupendwa umeharibu maana yake.

Mchora Katuni
Vampaya wa Ulaya naye alikuwa maiti inayonuka kaburini, leo amevaa sare ya shule. Hadithi zinabadilika mwalimu.

Babu Kisauni
Mwalimu yuko sawa kidogo na wewe uko sawa kidogo. Mama yangu asingecheka na mumiani hata kidogo.

Mama Tausi
Nimewasoma wote. Nimemtumia ndugu jina la Millennium Snow, kasema duka alilopita lina kitabu cha kwanza na cha tatu tu. Boksi la kwanza la Vampire Knight lipo. Binti nilipomuuliza kijanja anapenda nini akaniambia "Zero" bila kufikiri.

Bint Mrima
Si nilisema!! Mtoto ana akili huyo.

Mwalimu Pwani
Basi kama ni hilo boksi, soma wewe kwanza vitabu vitano vya mwanzo.

Manyasi254
Lakini mbona mnasema Zero tu, wakati Kaname alimngoja Yuki miaka kumi? Mnaonea Kaname.

Bint Mrima
Kungoja siyo kupenda, alimficha mambo mangapi yule? Njoo tuongee.