Zaka yangu imegeuzwa kayamba mbele ya kanisa zima!!

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, hata kitenge cha ibada sijavua. Yule mtumishi mnamjua. Yule wa viatu vyeupe, anayesalimia wenye magari kwa mikono miwili na sisi wengine kwa kidevu. Jina sitaji, Mwanza hii ni ndogo.

Leo kachukua bahasha yangu ya zaka, kaisogeza kwenye maiki, AKAITIKISA. Chwa chwa chwa! Kisha: "Dada wa dagaa, hii ni zaka au kayamba?"

KAYAMBA!

Kanisa zima likaangua kicheko. Mpiga kinanda, mjinga yule, akamsindikiza kwa noti mbili. Mama mkwe wangu, aliyepanda meli kutoka Ukerewe kuja kunisalimia, alicheka mpaka kilemba kikadondoka.

Jamani, wiki nzima mbalamwezi. Anayeijua Mwaloni, soko letu la dagaa, anajua: mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu. Nimesukuma mzigo wa zamani, faida 47,000. Nikatoa 4,700: noti mbili za elfu mbili na sarafu saba za mia mia. Malaki si anataka zaka KAMILI? Tunasomewa hiyo sura ya tatu kila wiki mpaka ukurasa umechanika. Nimekokotoa hadi mia ya mwisho, halafu natikiswa! Ningezitia mfukoni zile mia saba, bahasha ingepita kimya kama za wakubwa.

Kuna wanaosema zaka iliisha na agano la kale. Mimi hayo sijui. Ninachojua nimetikiswa. Kwenye maiki. Mbele ya mama mkwe. Chwa chwa chwa.

Hivi Mkristo bado analazimika kutoa hii kitu? Nijibuni kabla ya ibada ya Jumatano.

Mzee wa Sangara: Pole dada, lakini kwa nini hukuchenji? Nimecheka chai imetokea puani.

Mlawi Mstaafu: Zaka walipewa Walawi kwa sababu hawakugawiwa ardhi, soma Hesabu 18. Mtumishi wako ana viwanja viwili Buswelu. Mlawi gani huyo?

Binti Sayuni: Acha kupotosha watu. Abramu alimpa Melkizedeki zaka kabla torati haijaja!

Mlawi Mstaafu: Alitoa nyara za vita, tena imeandikwa alitoa mara moja tu. Paulo kawaambia Wakorintho kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa lazima. Maiki sijaiona hapo.

Binti Sayuni: Na Mathayo 23:23, Yesu anapowaambia Mafarisayo zaka wasiiache, umeiruka kwa makusudi?

Boda wa Igoma: Afadhali wewe umetikiswa. Kwetu majina yanabandikwa mlangoni, langu lina X nyekundu kama nyumba iliyo kwenye hifadhi ya barabara.

Mleta uzi: Boda, X haina sauti! Mimi NIMESIKIKA!

Baba Wawili: Nyie mna nafuu. Mungu anataka kumi kwa mia, kamati za harusi zinataka mshahara wote. Nina kadi tano mezani, ya sita ni ya mtu nisiyemjua.

Mama Ndizi: Mleta uzi, wewe ni wa dagaa Mwaloni? Ndio nyie mnaogonga kopo la sado la kupimia, kitako kikapanda juu! Ijumaa nimenunua sado, nusu nzima mchanga. Zaka ya mchanga nani anatoa?

Mleta uzi: Mchanga ni wa wanaoanika chini. Wangu wanakauka kwenye chanja. Usinichanganye na wahuni.

Mzee wa Sangara: Kumbe wa chanja! Sado bei gani?

Mleta uzi: Subiri giza la mwezi liingie, mzigo mpya ukifika bei inashuka. Njoo inboksi.

Boda wa Igoma: Kupeleka nipo, ila nauli tuelewane kwanza.

Binti Sayuni: Na mimi sado mbili. Ila nina sarafu tupu, mnapokea?