Je, Antonio Canova alichonga marumaru kwa mkono wake mwenyewe?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninasoma habari za Antonio Canova, mchongaji Mwitalia aliyezaliwa Possagno mwaka 1757 na kufariki Venice mwaka 1822. Inaelezwa kwamba katika karakana yake ya Roma wasaidizi ndio waliokata sehemu kubwa ya marumaru. Ikiwa ndivyo, kwa nini sanamu ya Psyche akiamshwa kwa busu la Cupid, wapenzi wa hadithi za kale za Kirumi, iliyopo jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ihesabiwe kuwa kazi yake? Naomba ufafanuzi.

Jibu la kwanza
Ndugu, Canova alianza kwa vielelezo vidogo vya udongo alivyovifinyanga mwenyewe, kisha akafinyanga umbo kamili lenye ukubwa wa sanamu iliyokusudiwa, na kutokana na umbo hilo ikapatikana nakala ya jasi. Kwenye jasi hiyo ilipigiliwa misumari midogo ya metali, na kwa kupima umbali baina ya misumari kwa bikari, wasaidizi walihamishia vipimo kwenye jiwe na kuondoa marumaru isiyohitajika, hata likabaki tabaka jembamba tu juu ya umbo lenyewe. Hapo ndipo bwana aliposhika patasi. Ngozi, nywele na mikunjo ya nguo alivikamilisha yeye, mara nyingi kwa mwanga wa mshumaa, kwa kuwa mwanga unaopita ubavuni mwa jiwe hufichua mabonde madogo ambayo jua la mchana huyaficha. Mtazame Pauline Bonaparte, dada yake Napoleon, katika jumba la Galleria Borghese, Roma, aliyechongwa kati ya 1805 na 1808: godoro la jiwe limebonyea chini ya uzito wa mwili wake! Vipimo peke yake havileti jambo hilo.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, nami naongeza kwamba jasi ndiyo iliyomwezesha kurudia kazi moja. Sanamu ya kwanza ya Neema Watatu, yaani miungu wa kike watatu wa uzuri, iliyoagizwa na Joséphine, mke wa kwanza wa Napoleon, ipo katika jumba la makumbusho la Hermitage, Urusi. Sanamu nyingine ya Neema hao, aliyoichonga kwa ajili ya Duke wa Bedford, kabaila wa Uingereza, leo ni mali ya pamoja ya majumba ya makumbusho ya London na Edinburgh. Jasi pia imeokoa kumbukumbu, kwani sanamu ya George Washington iliyopelekwa Raleigh, Marekani, iliharibiwa na moto mwaka 1831, lakini kielelezo chake kimehifadhiwa Possagno. Binafsi naona kwamba anayetaka kumwelewa Canova aanzie kwenye udongo na jasi za kijijini kwao kabla ya marumaru za Paris.

Jibu la tatu
Mimi natofautiana nanyi kidogo, kwa sababu mnawataja wasaidizi kana kwamba walikuwa mikono isiyo na majina. Antonio d'Este aliisimamia karakana hiyo kwa miaka mingi. Adamo Tadolini, mwanafunzi wake, alipewa na Canova mwenyewe jasi ya Psyche na Cupid pamoja na ruhusa ya kuchonga nakala kutokana nayo, na jasi hiyo ilibaki katika ukoo wa Tadolini mpaka ikafika Metropolitan Museum, New York. Wazo na mguso wa mwisho vilikuwa vya Canova, sikatai, lakini asingempa Tadolini ruhusa hiyo kama hakuwa na imani kamili na ustadi wake, na ndiyo maana naona jina la fundi huyo lingestahili kutajwa kila sanamu hiyo inapozungumzwa.