Mwanachuo wangu amefeli BTP (mazoezi ya kufundisha), nimsaidieje asimame tena?

ChakiNyeupe: Habari za jioni wakuu. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu. Msimu huu wanachuo wangu watatu wameanguka mazoezi ya kufundisha. Wawili ni uzembe: hawana andalio la somo, mmoja hata azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha kwa muhula) kanakili la mwenzake. Anayeninyima usingizi ni wa tatu.

Binti huyu andalio lake ukilisoma unafurahi. Siku niliyomkagua alikuwa Darasa la Tatu, hisabati, watoto zaidi ya 80. Kaandika 52 – 27 ubaoni, kafika "mbili kutoa saba haiwezekani", akageuka akaniona nyuma na fomu yangu ya alama. Sauti ikakauka. Akafuta, akaandika hesabu ile ile, akafuta tena. Mtoto wa dawati la mbele akamwambia polepole, "Mwalimu, tukope kwa tano." Dakika 40 zikaishia hapo.

Sasa anasema anarudi kwao kulima. Baba yake aliuza mahindi kumlipia ada. Ana nafasi ya kurudia. Naombeni ushauri.

MamaDarasaLaPili: Pole mkuu. Kabla hujaenda kumkagua, mwalimu wa somo alikuwa anaingia naye darasani? Tuseme ukweli, huku shuleni mwanachuo akifika tu tunamwachia vipindi vyote, sisi tunashika mengine. Mtu mzima wa kwanza kumwona akifundisha anakuwa ni yule mwenye alama. Lazima atetemeke! Mwombe mwalimu mkuu ampe mlezi wa kukaa nyuma kila siku, wiki mbili tu, bila kalamu.

ChakiNyeupe: Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Mwalimu wa somo aliingia siku moja tu, ya kumtambulisha.

NilirudiaNikafaulu: Mwambie mdogo wangu huyo kwamba mimi nilifeli BTP, na leo nafundisha Darasa la Kwanza. Mkufunzi wangu alinianzisha upya na watoto kumi chini ya mwembe, hadithi ya dakika tano. Kesho yake ishirini. Darasa zima nililiona wiki ya tatu.

Na hesabu yake ile aifanye kwa vijiti. Mafungu matano ya kumi kumi yafungwe kwa raba, viwili vibaki peke yake. Akifika kwenye saba, afungue fungu moja mbele yao, wahesabu wote mpaka 12. Mikono ikiwa na kazi hofu inapungua, na macho ya watoto yanahamia kwenye vijiti.

MkufunziMkongwe: Yote sawa, ila usimpe alama za huruma. Akiajiriwa, wale 80 watakuwa wake peke yake. Mkalishe, msome naye fomu mstari kwa mstari. Wengi wanaondoka na neno moja tu, "nimefeli", hawajui ni wapi. Na hao wawili usiwaite wazembe mapema. Nimekutana na wasiojua kabisa kuandaa azimio la kazi, wanaona aibu kuuliza.

ChakiNyeupe: Fomu yake ninayo hapa mezani. Maandalizi, zana, mwandiko wa ubaoni, kote kapata alama nzuri. Sikumwonyesha, nilimtajia jumla tu. Hilo kosa ni langu. Kesho saa nne namwita, na vijiti nitaviazima shule ya mazoezi. Wale wawili nitawaita mchana, mmoja mmoja. Asanteni sana.